Daftari Kando ya Biblia

Leo tungependa kuanza kwa swali moja dogo. Je, Jumanne iliyopita ulisoma sura gani katika Biblia yako? Usikimbilie kufungua kitabu. Jibu kwa moyo tu. Na kama waikumbuka sura, je, walikumbuka neno ambalo Mungu alikuambia humo? Nawe ulimjibu nini?

Sisi wenyewe tuliulizana swali hili tulipokuwa tukitayarisha kipindi. Tulikuwa wanne mezani, na wote ni watu wa kusoma Biblia kila asubuhi. Wawili walikumbuka kitabu lakini si sura. Wa tatu aliikumbuka sura, kwa sababu alikuwa anajitayarisha kuihubiri. Wa nne ndiye aliyejibu sawasawa, naye alijibu kwa kufungua mkoba wake na kutoa daftari la shule, lile la kurasa 96, jalada lake limechakaa na pembe zake zimejikunja. Alilifungua akatusomea tarehe, kitabu, sura na mistari, kisha maneno machache aliyoyaandika chini yake. Tulinyamaza kidogo. Halafu mmoja wetu akacheka akasema, "Basi tumekwisha kupata mazungumzo ya wiki hii."

Mtume Yakobo aliwajua watu kama sisi watatu. Katika waraka wake, sura ya 1, mistari ya 23 na 24, amfananisha mtu asikiaye Neno bila kulitenda na mtu aliyejitazama katika kioo, kisha akaenda zake na mara akausahau uso wake. Si kwamba mtu huyo hakutazama. Alitazama vizuri, pengine na nywele akachana. Shida ilianza alipotoka mlangoni. Ndivyo ilivyo kwetu. Twasoma saa kumi na mbili asubuhi, twapiga magoti, twaomba, na kabla ya kufika kituo cha basi tumekwisha anza kuhesabu madeni yetu, na Neno limebaki nyumbani juu ya meza.

Kuna dawa moja ndogo ya usahaulifu huo, nayo ni kuweka daftari na kalamu kando ya Biblia. Wengine huliita shajara, wengine dayari. Sisi tutaliita daftari tu, maana ndilo jina ambalo watoto wetu walijua, na ndilo linalouzwa dukani.

Tuanze karibu na nyumbani. Mtu akitoka Mombasa kuelekea bara atafika Rabai, mahali ambapo wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifanya kituo chao mwaka 1846. Wote wawili walikuwa Wajerumani waliotumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, na wote wawili walikuwa na desturi ya kuandika mambo ya safari zao siku kwa siku. Mwezi wa Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwa miguu kwenda nchi ya Wachaga, pamoja na kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri na wapagazi wachache. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kwa mbali, juu ya kilele cha mlima mmoja, kitu cheupe kama wingu. Alimwuliza mwongoza njia ni kitu gani. Yule hakuwa na jina la theluji; alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann alikuwa mtoto wa nchi ya theluji, akaelewa papo hapo.

Baadaye waliketi kupumzika, naye akafungua Biblia yake mahali alipokuwa amefikia katika kusoma kwake kwa kila siku. Ilikuwa Zaburi ya 111. Hakuitafuta, ilikuwa zamu yake tu. Zaburi hiyo yasifu ukuu wa matendo ya Bwana, na mstari wa 6 wasema jinsi alivyowaonyesha watu wake nguvu za matendo hayo. Rebmann akaandika kwamba mstari ule ulitamka waziwazi jambo ambalo yeye asubuhi alikuwa amelihisi kwa mbali tu.

Wengi husema kwamba siku ile Rebmann aligundua Kilimanjaro. Twaomba radhi kwa ndugu zetu Wachaga, ambao hawakumngoja mtu wa Ulaya aje kuwaonyesha mlima uliokuwa juu ya mashamba yao. Alichofanya Rebmann ni kuona na kuandika. Maandishi yake yalichapwa London mwaka 1849, na huko yakaleta ubishi mkubwa. Mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Ubishi huo ulidumu miaka kadhaa, mpaka safari za Baron Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zilipothibitisha habari ile.

Lakini hatukuileta habari hii kwa ajili ya theluji. Tumeileta kwa sababu ya mambo mawili yaliyoandikwa kuhusu siku moja: jambo ambalo macho yaliona, na jambo ambalo Neno lilisema. Kama Rebmann angeandika mlima peke yake, lingekuwa daftari la msafiri. Kama angeandika Zaburi peke yake, lingekuwa daftari la mwanafunzi wa shule ya Biblia. Alipoviweka vyote viwili pamoja, Zaburi ikaushika mlima na mlima ukaishika Zaburi. Hata sisi leo, baada ya zaidi ya miaka 170, twaweza kusema mtu huyu alisoma nini siku ile, na moyo wake ulijibu nini. Nasi hatuikumbuki Jumanne iliyopita!

Mtu asije akasema kwamba kuandika ni desturi ya Wazungu. Mwaka 1873, David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake Waafrika waliuzika moyo wake chini ya mti na kuubeba mwili wake mpaka pwani, mwendo wa miezi mingi. Kijana aliyesoma sala za maziko penye mti ule aliitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao. Utotoni alichukuliwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa huko Nasik katika Bara Hindi. Katika safari ile ndefu ya huzuni kijana huyo aliandika habari zake mwenyewe kwa mkono wake. Mtu aliyewahi kuwa bidhaa sokoni alishika kalamu akaandika aliyoyaona. Je, wewe uliyekwenda shule, una udhuru gani?

Sasa labda msikilizaji mmoja aliyezoea kuchunguza Maandiko atauliza, "Ni wapi Biblia ilipoamuru Mkristo awe na daftari?" Ni swali jema. Hakuna amri ya namna hiyo, na asiye na daftari hatendi dhambi. Hata hivyo tukiitazama Biblia yenyewe tutaona kwamba Mungu aliwapenda sana watu wa kalamu. Katika Kumbukumbu la Torati 17, mistari ya 18 na 19, mfalme wa Israeli aliagizwa kwamba akiketi katika kiti cha enzi ajiandikie nakala ya torati, kisha awe nayo na kuisoma siku zote za maisha yake. Fikirini jambo hilo. Mfalme alikuwa na makuhani waliokuwa na kitabu tayari. Kwa nini asiazime tu? Sisi tunaona kwamba mkono unapoandika, moyo hulazimika kwenda polepole. Jicho laweza kuruka mstari mgumu. Mkono unaonakili hauwezi kuruka.

Tazama tena Hesabu 33. Ni sura ambayo wengi wetu huipita upesi, maana ni majina ya vituo tu, zaidi ya 40: walitoka hapa wakapiga kambi pale. Lakini mstari wa 2 wasema kwamba Musa aliziandika safari hizo kwa amri ya Bwana. Mungu mwenyewe alitaka orodha ile iandikwe! Na mahali pengine Musa aongeza neno fupi. Elimu ilikuwa na chemchemi 12 na mitende 70. Refidimu hapakuwa na maji ya kunywa. Basi. Hakueleza kirefu, lakini kila mzee aliyesikia jina la Refidimu alikumbuka kiu, na alikumbuka jinsi Mungu alivyotoa maji mwambani. Kuna siku ambazo daftari lako litakuwa na maneno manne tu kama hayo: "Leo Refidimu. Hakuna maji." Yatosha. Miaka kumi baadaye utasoma maneno hayo manne na kushangaa kwamba u hai.

Na Zaburi je? Wengi wetu huanza kusoma Zaburi kwenye mstari wa kwanza na kuyaacha yale maneno madogo ya juu. Siku nyingine yasome. Juu ya Zaburi ya 3 imeandikwa kwamba Daudi alikuwa akimkimbia mwanawe Absalomu. Juu ya ile ya 51, kwamba nabii Nathani alikuwa amemwendea baada ya dhambi yake na Bathsheba. Juu ya ile ya 57, kwamba alikuwa pangoni akimkimbia Sauli. Maneno hayo ni kama tarehe katika daftari. Yatueleza kwamba maombi yale hayakuanguka kutoka mawinguni. Yalitoka kwa mtu mwenye mtoto mwasi, mwenye dhambi ya aibu, mwenye kuwindwa. Tena Daudi hakuona haya kuandika manung'uniko. Katika Zaburi ya 13 amwuliza Mungu mara nne ni hata lini. Zaburi nzima ina mistari 6 tu, na kufikia mstari wa mwisho anaimba. Angeficha lile swali, tusingeuelewa wimbo.

Basi, kazi yenyewe yafanywaje? Si ngumu. Andika tarehe. Andika kitabu, sura na mistari. Kisha, kabla hujaandika habari zako, andika kwa maneno yako mwenyewe kile kilichosemwa katika mistari ile. Hapo ndipo wengi hukosea. Huanza na mambo ya moyo wao na kulitumia Neno kama mto wa kulalia. Kwanza Neno lenyewe: nani anasema, anamwambia nani, na amesema nini? Halafu ndipo uandike habari yako, na mwisho jibu lako kwa Bwana, yaani ombi, shukrani, toba, au jambo ambalo umeamua kulifanya leo. Yote hayo yaweza kuwa mistari mitano. Mama mmoja aliyetuandikia barua alitupa mfano wa siku moja, naye ameturuhusu kuusoma bila jina lake:

"Jumatano. Marko 4:35-41. Dhoruba ilipokuja Yesu alikuwa mle mle chomboni. Wanafunzi walidhani hajali kwa sababu alilala. Mimi nimeogopa karo ya muhula huu tangu Jumapili, nami nimedhani hajali. Bwana, nisamehe. Leo nitakwenda kwa mwalimu mkuu kumweleza ukweli badala ya kumficha mtoto nyumbani."

Ni hayo tu. Hakuna maneno makubwa ya kanisani. Lakini tazameni jinsi alivyotoka mashuani Galilaya akafika ofisini kwa mwalimu mkuu. Chini ya maneno hayo, kwa wino mwingine, aliongeza siku tatu baadaye: "Amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kuku wawili nimeuza." Hatujui kama msikilizaji ataona muujiza katika kuku wawili. Mama yule aliuona, na kwa kuwa aliandika, muhula uliofuata alipobanwa tena alikuwa na mahali pa kutazama.

Sasa turudi kwa yule ndugu yetu wa nne, mwenye daftari lililochakaa, maana hatujawaeleza jambo lililomfanya alithamini hivyo. Ametuambia tulieleze.

Ndugu huyu alikuwa na ugomvi na kaka yake mkubwa juu ya mpaka wa shamba walilogawiwa na marehemu baba yao. Mambo yalikuwa kama yalivyo katika jamaa nyingi. Mti wa mpaka uling'olewa, kila mmoja akasema si yeye, wake wakaacha kuazimana chumvi, na kwa chifu wakafika. Wakati huo wote ndugu yetu alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa akisoma Biblia kila siku na kuandika katika daftari lake.

Kanisani kwao kuna ibada ya mkesha usiku wa kuamkia mwaka mpya. Mwaka mmoja, kabla ya kwenda mkeshani, aliketi na madaftari yake ya nyuma ili apate ushuhuda wa kutoa. Alitafuta mambo ambayo Bwana amemtendea. Akakuta jambo jingine. Mwezi wa Februari, miaka mitatu nyuma, alikuwa amesoma Mathayo 5, mistari ya 23 na 24, pale Bwana Yesu asemapo kwamba mtu akileta sadaka madhabahuni na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka aende kwanza akapatane naye. Chini yake alikuwa ameandika: "Bwana, nitakwenda kwa kaka wiki hii." Akafunua mbele. Novemba mwaka uliofuata, sura ile ile, na chini yake: "Lazima niende kwa kaka. Nitakwenda baada ya mavuno." Akafunua tena. Agosti mwaka ule uliokuwa unakwisha, sura ile ile: "Bwana, nipe nguvu niende kwa kaka."

Mara tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Anasema kwamba kama mhubiri angemwambia, angekuwa na la kujibu. Kama mkewe angemwambia, angekuwa na mengi zaidi ya kujibu. Lakini atamjibu nini mtu aliyeandika kwa mkono wake? Zaidi ya hayo, alikumbuka kwamba kila mara alipoandika maneno yale aliondoka kwenye kiti akiwa na amani, kana kwamba amekwisha kwenda. Hilo ndilo lililomtisha. Usiku ule hakutoa ushuhuda wowote.

Tarehe 2 Januari alikwenda. Kaka yake alimkaribisha, akaamuru chai iletwe, nao wakakaa muda mrefu wakizungumza habari za ng'ombe na mvua, kama wanaume wafanyavyo. Alipojikaza akasema, "Kaka, nimekukosea, nisamehe," yule mzee alitazama nje, kisha akamwuliza jambo moja tu: "Mbona ulikawia hivi?" Hakuweza kumwambia kwamba jibu liko mkobani, limeandikwa mara tatu.

Tungependa kuwaambia kwamba mpaka ulipimwa na kila mtu akaridhika. Haikuwa hivyo. Mpaka ule hata leo haujanyooka. Lakini wake waliazimana chumvi, na yule kaka alipougua mwaka uliofuata, aliyekaa naye usiku hospitalini alikuwa ndugu yake. Alifariki mwezi wa Juni. Ndugu yetu hupenda kuhesabu: kati ya ile Januari na ile Juni walipata miezi 17. Na kati ya ile Februari ya kwanza na ile Januari walipoteza karibu miaka mitatu. Hesabu zote mbili zimo katika daftari.

Kwa sababu hiyo twawasihi, msiandike tu. Rudini nyuma mkasome. Daftari lisilosomwa tena ni kama shimo. Chagueni siku, iwe mwisho wa mwezi au mwisho wa mwaka, mkae na kurasa za zamani. Mtaona maombi yaliyojibiwa nanyi hamkushukuru. Mtaona pia ahadi mlizomwekea Bwana mkazipita. Wale wenzetu wa Uamsho wametufundisha sana kutoa ushuhuda, na twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini twajua sote shuhuda ambazo zimerudiwa miaka 30 neno kwa neno, mpaka mtoto aliye ukumbini aweza kuzimalizia. Mtu mwenye daftari ana ushuhuda wa mwaka jana na wa juzi, tena ataona haya kuutia chumvi, kwa maana ameuandika siku ile ile ulipotokea.

Kuna hatari pia, nasi hatutaki kuzificha. Usiandike dhambi za wengine. Daftari si mahali pa kumshtaki mwenye nyumba, wala mchungaji, wala mama mkwe. Kama ni lazima umwombee mtu katika jambo la siri, andika herufi moja ya jina lake, Mungu amjua. Daftari hupotea, husahauliwa kitini mwa matatu, husomwa na watoto. Twajua nyumba moja iliyotiwa moto wa maneno kwa sababu ya ukurasa mmoja uliosomwa na mtu asiyehusika. Liweke mahali pa usalama, na wewe uliye mume au mke, usilifungue la mwenzako bila ruhusa hata kama liko wazi mezani.

Hatari nyingine ni ya Farisayo yule wa Luka 18. Maombi yake hekaluni yalikuwa daftari zuri sana: kufunga mara mbili kwa juma, zaka kwa kila kitu. Yote yalikuwa kweli, nayo hayakumfaa kitu. Ukiona kwamba waandika ili mtu asome akusifu baada ya kufa kwako, chana ukurasa huo, uanze upya. Wala daftari lisije likawa Biblia ya pili. Wako waliosema Roho amewafunulia jambo kwa sababu tu waliliandika asubuhi wakiwa na joto moyoni. Daftari lako na Maandiko vikitofautiana, kalamu ipite juu ya daftari.

Na siku ukiruka? Umeruka. Usijaze siku zilizopita kwa uongo kama mtoto aliyesahau kazi ya shule. Andika tarehe ya leo uendelee. Daftari la yule ndugu yetu lina pengo la wiki sita, na katikati ya pengo hakuna maelezo yoyote. Ni msiba wa mtoto. Nasi tuliposhika kurasa zile hatukuona haja ya maelezo.

Twajua kwamba wako wasikilizaji wetu wasioweza kuandika, na wazee ambao macho yao yamefifia. Rebmann mwenyewe alipoondoka Rabai mwaka 1875, baada ya miaka karibu 29, alikuwa karibu kuwa kipofu. Mlio hivyo, msijihesabu kuwa nje ya mazungumzo haya. Katika Yeremia 36 twasoma kwamba Yeremia hakuandika kwa mkono wake. Alisema, na Baruku mwana wa Neria akaandika kwa wino. Mfalme Yehoyakimu akalikata gombo lile kwa kisu na kulitupa motoni kipande kwa kipande. Yeremia akachukua gombo jingine, akasema tena, Baruku akaandika tena, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Bibi, je, huna mjukuu aliye darasa la nne? Mwite jioni akusomee mistari michache, kisha mwambie, "Andika hivi." Ataandika vibaya, atakosea herufi, nawe utamvumilia. Mtoto huyo atakuwa amejifunza kusoma kwa sauti, na atakuwa amesikia bibi yake akizungumza na Mungu juu ya mguu unaouma na juu ya mwana aliyekwenda mjini asirudi. Twadhani hilo halitatoka kichwani mwake upesi.

Basi wiki hii tunawaomba jambo moja. Tafuteni daftari, hata kama ni lile la mtoto lenye kurasa zilizobaki mwishoni. Asubuhi moja someni Zaburi ya 111, ile ile aliyoisoma Rebmann akiutazama mlima. Ina mistari 10 tu. Utazameni kwa makini mstari wa 4, unaosema juu ya maajabu ya Mungu kuwekwa yakumbukwe. Kisha andikeni ni tendo gani la Bwana mlilo nalo ninyi mbele ya macho yenu siku hiyo. Kama ni mlima, andikeni mlima. Kama ni kuku wawili, andikeni kuku wawili.

Wiki ijayo, Bwana akipenda, tutasoma pamoja Zaburi ya 112. Wekeni daftari na kalamu karibu na redio, nasi tutakwenda polepole ili kila mtu apate nafasi ya kuandika. Kwaherini.